Hadidiski na SSD za studio ya nyumbani Kigoma: soma namba ya modeli, rangi ya boksi iache

Traki moja ya sauti iliyorekodiwa kwa 48 kHz na biti 24 inakula KB 144 kwa sekunde. Kwaya yenye maikrofoni 24, kila moja na traki yake, inataka MB 3.5 kwa sekunde, na saa nzima ya kurekodi inajaza GB 12.4. Hadidiski ya kawaida, hata ile inayozunguka mara 5,400 tu kwa dakika, huandika kama MB 150 kwa sekunde bila taabu. Muuzaji anayemwambia mtu wa Mwanga au Ujiji kwamba bila SSD (diski ya chipu, isiyozunguka) ya MB 7,000 kwa sekunde hatarekodi kwaya anampotosha, na pesa inayotoka hapo ndiyo itakayokosekana kwenye bekapu.

Picha ndizo zinazojaza diski. Kamera ya megapikseli 24 hutoa faili ya RAW (picha ghafi ya kamera) ya MB 25 hadi 30, kwa hiyo harusi ya picha 2,000 ni GB 50 hadi 60. Picha moja ukiihifadhi kama TIFF ya biti 16 inafika MB 144. Studio inayofanya harusi moja na saa moja ya kwaya kila wiki itakusanya kama TB 3.5 kwa mwaka. Hadidiski ya TB 4 ndiyo saizi ya mwaka mmoja wa kazi hiyo. Windows itaionyesha kuwa na 3.63 tu kwa sababu inagawanya kwa 1,024 badala ya 1,000. Hapo muuzaji hajakupunja.

Mpangilio tunaoupendekeza ni huu: SSD moja ya GB 500 iliyo nzuri kweli, kwa ajili ya Windows, programu na kazi ya wiki hii, hadidiski moja ya TB 4 ya kazi zilizokamilika, na nyingine ya TB 4 ya bekapu, inayolala nyumba nyingine. Usinunue SSD moja ya TB 4 ukaweka kila kitu humo. Inafurahisha kuitumia, lakini ikifa inaondoka na harusi zote za watu.

SSD ya kazi

Laptopu nyingi zinazotumika huku ni za mtumba, ThinkPad na EliteBook za miaka kumi iliyopita, zenye nafasi ya SATA (njia ya zamani ya kuunganisha diski) ya inchi 2.5. SATA inaishia kama MB 550 kwa sekunde na kwa kazi hii inatosha kabisa. Faida kubwa ya SSD haipo kwenye kunakili faili kubwa, ipo kwenye kusoma vipande vidogo vilivyotawanyika: katalogi ya Lightroom (programu ya picha), vijipicha vyake vya kuonyeshea, na maktaba za ala za Kontakt (programu ya kupigia ala kwenye kompyuta) ambamo piano moja ni maelfu ya vipande vya sauti. Hadidiski hutumia kama milisekunde 10 au zaidi kusogeza kichwa kufikia kila kipande. Mpiga kinanda akishika noti kumi kwa pamoja, tena kanyagio likiwa chini, kichwa hakiwahi na sauti inakatikakatika.

Samsung 870 EVO ya GB 500 tunaiweka mbele. Ina chembe za TLC (kila moja hutunza biti tatu), ina DRAM yake, yaani kumbukumbu ya haraka ya kutunza ramani ya data, waranti ni miaka 5 na kiwango cha kuandika kilichoahidiwa ni TB 300. Crucial MX500 ya GB 500 inaifuata kwa karibu: nayo ina DRAM na waranti ya miaka 5, ila kiwango chake ni TB 180. Studio ya GB 70 kwa wiki inaandika TB 3.6 kwa mwaka, hivyo hata hizo 180 hazitamalizwa kwa kuandika. Kitu cha kuogopa zaidi ni umeme, na tutaufikia.

Kingston A400 ipo karibu kila duka kwa sababu ni nafuu. Haina DRAM, ya GB 240 imeahidiwa TB 80 za kuandika, waranti ni miaka 3, na vipuri vyake vya ndani vimewahi kubadilishwa jina likibaki lilelile, kwa hiyo A400 mbili za miezi tofauti zinaweza zisifanane. Kufufua laptopu ya ofisi inafaa sana. Kumwagiwa GB 60 za RAW kwa mkupuo haifai: kache (sehemu ya haraka inayopokea data kwanza) ikijaa spidi inaporomoka na kubaki chini hadi kazi iishe.

Mtego mwingine una jina linalofanana na EVO. Ni Samsung 870 QVO, yenye chembe za QLC (biti nne kila moja, huandika polepole). Ya TB 1 huandika haraka kwenye kache ya GB 42, tena ikiwa tu ina nafasi tupu ya kutosha. Baada ya hapo inashuka hadi MB 80 kwa sekunde, pungufu ya hadidiski. Ukimwaga kadi ya GB 128 iliyojaa, zile GB 86 za mwisho zinachukua kama dakika 18. Hata hivyo QVO ina mahali pake. Maktaba za ala huandikwa mara moja na kusomwa miaka yote, na kwenye kusoma QVO haina tatizo. Mpiga kinanda anayetumia kompyuta, mwenye maktaba za GB 400, anaweza kuinunua bila wasiwasi, mradi asiitumie kupokea kadi za kamera.

Kompyuta yenye nafasi ya M.2 (tundu la SSD nyembamba), thibitisha kwanza kama nafasi hiyo ni ya SATA au ya NVMe, njia mpya yenye kasi zaidi, maana umbo linafanana. Kipande chenye mikato miwili kwenye meno yake mara nyingi ni cha SATA, chenye mkato mmoja ni cha NVMe. WD Blue SN580 ya TB 1, ya NVMe, ina chembe za TLC na TB 600 za kuandika. Haina DRAM yake lakini inaazima kiasi kidogo cha RAM ya kompyuta, na kwa picha na sauti tofauti huioni.

Hadidiski: CMR au SMR

Hapa ndipo watu wanapopoteza pesa, kwa sababu tofauti hii haiandikwi juu ya boksi. Kwenye hadidiski ya CMR kila njia ya data imekaa peke yake. Kwenye SMR njia zimepandana kama mabati ya paa, ili data nyingi zaidi iingie kwenye sahani ileile. Fundi wa paa anajua shida yake: ukitaka kubadilisha bati la katikati lazima uyalegeze yaliyolipanda juu. Hadidiski ya SMR ikitakiwa kuandika juu ya data ya zamani, inasoma kundi zima la njia, inalibadilisha, kisha inaliandika upya lote.

Ikiwa mpya na tupu hutaona kitu. Data inayoingia inapokelewa kwanza kwenye sehemu maalumu ya kache, na hadidiski inaipanga vizuri inapopumzika. Shida inaanza miezi baadaye, imejaa nusu, umefuta na kuandika mara nyingi, halafu unamwaga GB 60 kwa mfululizo. Kache inajaa, spidi inaanguka hadi makumi machache ya MB kwa sekunde, pengine inasimama kabisa kwa sekunde kadhaa kisha inaendelea. Ukiwa unarekodi wakati huo, programu inalalamika kuwa diski imechelewa na kurekodi kunakatika katikati ya wimbo. Watu wengi huishia kulaumu kebo, laptopu au virusi.

Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya WD Red za TB 2 hadi 6, zilizouzwa kwa ajili ya seva za nyumbani, zilikuwa za SMR. Tangu hapo jina WD Red Plus ndilo la CMR. Ndiyo maana tunasema rangi ya boksi haitoshi: WD40EFAX ni Red na ni SMR, WD40EFPX ni Red Plus na ni CMR, zote za TB 4, zote na lebo nyekundu. Kwa Seagate, IronWolf zote ni CMR, na ST4000VN006 ya TB 4 ndiyo tunayoipendekeza zaidi kwa sababu inazunguka 5,400 na haina kelele nyingi karibu na maikrofoni za kondensa. Barracuda ST4000DM004 na ST2000DM008, ambazo hutangulizwa dukani kwa kuwa bei yake ni ndogo, ni SMR. Barracuda ST1000DM010 ya TB 1 ni CMR, lakini TB 1 inajaa kwa miezi mitatu na nusu.

Duka la kompyuta likiwa halina IronWolf wala Red Plus, ulizia kwa wanaofunga kamera za ulinzi. Hao huwa na WD Purple, na Purple ni CMR. Imetengenezwa kupokea mkondo wa video usiku na mchana. Amri zake maalumu hutumiwa na mashine ya kamera tu, ukiifunga kwenye kompyuta inafanya kazi kama hadidiski nyingine. Usiiwekee Windows. Kwa kuhifadhi RAW na vipindi vya kwaya vilivyokamilika ni chaguo zuri sana, na kwa mji wetu mara nyingi ndiyo rahisi kupatikana bila kuagiza Kariakoo.

Je, SMR itupwe? Hapana. Hadidiski ya bekapu inayopokea kazi ya wiki usiku mmoja kisha inarudi kabatini inaweza kuwa SMR na hasara usiione. Ukibanwa na bajeti, CMR iwe ya kazi na SMR iwe ya bekapu. Ila usizichanganye kwenye RAID (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja), kwa sababu siku ya kujenga upya diski iliyokufa SMR inaweza kuchukua muda mrefu mno, na mashine nyingine huihesabu kuwa nayo imekufa. Studio ya mtu mmoja haihitaji RAID kwanza: ukifuta folda kwa makosa, RAID inaifuta pande zote mbili papo hapo.

Zile ndogo za inchi 2.5 za kubeba, kuanzia TB 1 kwenda juu, karibu zote ni SMR. WD Elements na My Passport za saizi hiyo zina jambo moja zaidi: tundu la USB limechomelewa kwenye bodi ya diski yenyewe. Likivunjika huwezi kuitoa diski na kuiweka kwenye kasha lingine. Za Seagate nyingi zina diski ya SATA ndani na kijibodi cha kuchomoa, jambo linalomrahisishia fundi. Kwa sababu hiyo peke yake, kati ya hizo mbili tungechukua ya Seagate.

Kukagua kabla ya kulipa

Nenda dukani na laptopu yenye CrystalDiskInfo, programu ya kusoma afya ya diski, na adapta ya USB kwenda SATA. Kwa hadidiski ya inchi 3.5 adapta iwe na chaja yake ya volti 12, kwa kuwa USB peke yake haiizungushi. Soma namba ya modeli kwenye lebo ya diski yenyewe, siyo kwenye boksi. Kisha fungua programu na utazame mistari michache. 09 ni saa ilizowashwa: diski mpya iwe na sifuri au saa chache. 05, C5 na C6 ni sekta zilizohamishwa, zinazosubiri na zilizoshindikana: thamani halisi kwenye zote iwe sifuri. Moja tu ikiwa na namba, rudisha. C7 ni makosa ya mawasiliano, na mara nyingi dawa yake ni kebo mpya tu. Usimlaumu mtu kwa C7 kabla hujabadilisha waya.

Namba hizi zinaweza kufutwa. Mwanzoni mwa 2025 iligundulika Ulaya kwamba hadidiski za Seagate Exos zilizotumika maelfu ya saa zilikuwa zinauzwa kama mpya, kumbukumbu ya SMART (ndimo zinamotoka namba hizo) ikiwa imerudishwa sifuri. Kilichowaumbua ni kumbukumbu nyingine ya ndani ya Seagate iitwayo FARM, ambayo kwenye diski hizo haikuwa imeguswa. Kwa programu ya smartmontools toleo la 7.4 au jipya zaidi, amri ya smartctl -l farm inaionyesha. Saa za FARM zikizidi sana zile za SMART, hiyo ni ya mtumba hata kama nailoni yake bado inang'aa. Wala mtumba si dhambi ukiuzwa kwa jina lake na bei yake. Kosa ni kulipia mpya.

Ukishalipa, chukua risiti ya EFD yenye namba ya modeli, na ukifika nyumbani ijaze diski yote kwa H2testw, programu ya kujaribu diski, kabla ya kuweka data ya mtu. Kwenye Linux na Mac tumia F3. Kwa TB 4 tenga kama saa 15: saba na kitu za kuandika, nyingine kama hizo za kusoma. Inachosha, lakini diski yenye ugonjwa wa kiwandani mara nyingi hujitokeza hapo. Jaribio hilohilo ndilo linaloumbua flashi na "SSD za nje za TB 16" zinazouzwa mtandaoni kwa bei ya kuku wawili. Ndani yake huwa na kadi memori ndogo iliyodanganywa kujitaja kuwa kubwa; faili zinaonekana zimeingia, ukizifungua ni tupu.

Umeme, radi na unyevu

Kigoma ilikaa miaka mingi kwenye majenereta ya dizeli ya TANESCO, na mwenye vifaa hapa anajua umeme unavyokatika, kurudi na kukatika tena ndani ya dakika moja. Kule kurudi ndiko kubaya zaidi kwa hadidiski. Laptopu ina betri na SSD ya ndani iko salama kiasi, lakini hadidiski ya inchi 3.5 kwenye kasha la nje inategemea ukuta. Umeme ukienda inazimika katikati ya kuandika, na kama umeiformati kwa exFAT, ambayo haitunzi kumbukumbu ya mabadiliko, orodha ya faili inaweza kuharibika yote. Kwa diski inayokaa kwenye Windows tumia NTFS. Nunua UPS ya VA 650 aina ya line-interactive, yenye uwezo wa kurekebisha volti yenyewe, na uchomeke humo kasha la hadidiski na kompyuta tu. Printa ya leza isikaribie hapo, inavuta umeme mwingi kwa ghafla na UPS itazima. Betri ya ndani, mara nyingi ya volti 12 na Ah 7, ibadilishe baada ya miaka miwili au mitatu. UPS yenye betri mfu inawaka taa zote na haikusaidii kitu.

Mvua za radi zikija, chomoa kabisa ukutani, pamoja na waya wa intaneti na wa antena. UPS haizuii radi ya karibu.

Unyevu wa ziwa unaharibu lenzi kabla ya kuharibu hadidiski. Watengenezaji huruhusu unyevu hadi karibu asilimia 95, mradi maji yasigande kuwa matone, na joto hadi nyuzi 60. Wewe lenga isipite 45. Diski ya bekapu itie kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, ndani ya chombo cha plastiki kinachofunga vizuri, na pakiti mbili za silika jeli. Iwe hadidiski, isiwe SSD: kiwango cha JEDEC (shirika la viwango vya chipu) kwa SSD za kawaida kinadai ishike data mwaka mmoja tu bila umeme kwa nyuzi 30, hesabu hiyo ikiwa ni ya SSD iliyokwisha kutumia uwezo wake wa kuandika. Kabati la chumba chenye joto si mahali pa kuiacha miaka mitatu.

Kuhusu bekapu ya intaneti: GB 67 za wiki moja kwa spidi ya kupandisha ya megabiti 5 ni saa 30 mfululizo, bila kuhesabu gharama ya bando. Ni rahisi zaidi kuibeba diski kwa daladala kila Jumamosi na kuiacha kwa ndugu Ujiji. Nakili kwa TeraCopy ukiwasha uhakiki, ili kila faili isomwe upya na kulinganishwa. Usichomeke diski na kadi ya sauti kwenye kigawanyio kimoja cha USB. Zinagombania njia na sauti inatoa milio ya tik-tik. Diski iende kwenye tundu la bluu (USB 3.0), maana kwenye tundu la USB 2.0 utapata kama MB 35 hadi 40 kwa sekunde tu na harusi moja itachukua karibu nusu saa.

Ukiagiza Dar, mwambie muuzaji aweke sentimita 5 za sponji pande zote za diski. Imezimwa inavumilia mtikisiko mkubwa. Ikiwa inazunguka haivumilii hata kidogo. Kwa hiyo wanaopiga picha Gombe, ambako hufikiki ila kwa boti, wasiwashe hadidiski ya kuzunguka juu ya maji. Samsung T7 Shield ya TB 1 inafaa safari hiyo: ni SSD, ganda lake ni la mpira, na kiwango cha IP65 kinaikinga na maji ya kurushwa na mawimbi. Mwaga kadi jioni kwenye T7, na kadi yenyewe usiifute. Irudi mjini ikiwa na picha zake, ikae hivyo hadi zifike kwenye hadidiski zote mbili za TB 4, ndipo uiformati, tena kwenye kamera na siyo kwenye kompyuta.